Nozeli Ielekee Wapi?

Kijitabu cha elimu kwa wanaotunza matangi makubwa, na kwa wanaoishi jirani nayo, Turiani, Wilaya ya Mvomero

Turiani ni nchi ya miwa na ya maji. Kiwanda cha sukari cha Mtibwa kimekuwapo tangu miaka ya 1960, na juu yake milima ya Nguru inashusha mito ambayo hatimaye huingia Wami. Penye miwa na maji pana matangi. Kiwanda chochote cha sukari huwa na tangi la maji ya miwa yaliyotoka kwenye vinu, la maji ya chokaa, la sirapu, la molasi, la maji ya boila. Vijijini nako kuna matangi ya zege au ya chuma juu ya vilima, yanayopokea maji ya mserereko kutoka milimani na kuyagawa kwenye vituo vya kuchotea.

Kijitabu hiki kimeandikwa kwa ajili ya watu wa zamu, vijana wanaosomea ufundi, kamati za maji, na mwananchi anayepita kando ya tangi kila siku bila kujua ndani yake kunafanyika nini. Swali lake ni moja: kimiminika kinapokorogwa kwa pampu na nozeli, nozeli iwekwe wapi na ielekee wapi? Bajeti ikifika, watu huulizana ukubwa wa pampu. Pampu inaonekana, ina bei, ina namba kwenye kibati chake. Nozeli ni kipande cha bomba kilichobanwa mdomo, na tangi likishajaa hakuna anayeiona tena. Lakini mara nyingi ni hiyo inayoamua kama kazi itakwisha kwa robo saa au haitakwisha kabisa.

Tangi kubwa halijichanganyi

Uji hukorogwa kwa mwiko kwa sababu mkono unafika kila pembe ya sufuria. Tangi lenye kipenyo cha meta 10 na kina cha meta 8 hubeba takriban lita 628,000, na hakuna mwiko wa kulifikia. Ukimwaga humo kitu kipya, iwe chokaa, klorini au sirapu ya shifti nyingine, kitakaa pale ulipokimwaga kwa muda mrefu ajabu. Kizito kitalala chini, chepesi kitaelea juu, na katikati kutakuwa na mpaka ambao unaweza kudumu kwa siku kadhaa.

Viwanda vingine hufunga kikorogeo chenye mapanga, kinachozungushwa na mota iliyokaa juu ya paa. Kinafaa, ila kwenye tangi pana shafti inakuwa ndefu, giaboksi inakuwa ghali, na paa lenyewe lazima liweze kubeba mzigo. Njia ya pili ni kuweka pampu nje. Inavuta kimiminika kutoka tangini, inakirudisha tangini kwa kasi kupitia nozeli, na mkondo huo ndio unaokoroga. Ndani hakuna kinachozunguka. Pampu ikiharibika, fundi anaitengeneza nje akiwa amesimama chini, bila kumwaga tangi.

Njia hii ilichunguzwa kwa makini Uingereza na Fossett na Prosser, waliochapisha kazi yao mwaka 1949. Shida iliyowakabili ilikuwa matangi makubwa ya petroli yaliyozikwa ardhini, ambamo ilibidi kiasi kidogo cha dawa yenye risasi kienee sawasawa katika petroli yote. Petroli ya magari yenye risasi ilikoma kuuzwa duniani mwaka 2021, Algeria ikiwa nchi ya mwisho. Ufundi wa nozeli umebaki.

Hesabu ya mkondo

Mkondo unaotoka kwenye nozeli ndani ya kimiminika hauendi peke yake. Kadiri unavyosonga mbele ndivyo unavyokokota kimiminika kilichotulia pembeni yake, unapanuka, na unapungua kasi. Hapo ndipo siri yote ilipo. Anayefanya kazi kubwa ya kukoroga ni kile kimiminika kinachokokotwa. Kilichotoka pampuni ni sehemu ndogo tu.

Tuchukue nozeli ya milimeta 50 inayotoa maji kwa kasi ya meta 10 kwa sekunde. Hiyo ni kama lita 20 kwa sekunde. Mkondo ukishasafiri meta 2 bila kuzuiwa, kiasi kinachotembea kimefika takriban mara 13 ya kilichotoka nozelini. Kwenye meta 5 ni mara 32. Kwenye meta 10 ni mara 64, yaani zaidi ya lita 1,200 kwa sekunde, ingawa kasi katikati ya mkondo imeshuka hadi karibu sentimeta 30 kwa sekunde.

Sasa fikiria nozeli hiyohiyo imeelekezwa kwenye ukuta ulio meta 2 mbele yake, au kwenye nguzo ya paa. Mkondo unagonga na kuvunjika kabla haujakokota kitu cha maana. Pampu ni ileile, umeme ni uleule na geji inasoma vilevile, lakini kazi iliyofanyika ni sehemu ndogo ya ile iliyolipiwa.

Katika tangi letu la lita 628,000, pampu ya lita 20 kwa sekunde ingehitaji karibu saa tisa kuyapitisha maji yote mara moja. Wapo wanaopanga muda wa kukoroga kwa hesabu hiyo, wakidhani kila tone lazima lipite pampuni. Halilazimiki. Kwa kanuni ambayo wahandisi huitumia kwa vimiminika vyepesi kama maji, nozeli hiyo ikielekezwa vizuri kwenye mshazari wa tangi, mchanganyiko unakamilika kwa takriban dakika 16. Tofauti kati ya saa tisa na dakika 16 ni kazi ya kukokota, na kukokota kunahitaji njia ndefu iliyo wazi.

Nguvu inayohitajika pale nozelini ni kama kilowati moja tu, bila kuhesabu hasara za pampu na mabomba. Mtu akisema “tuongeze kasi mara mbili” kwa nozeli ileile, ajue kwamba nguvu itapanda mara nane huku muda ukipungua kwa nusu. Ndiyo maana sisi tunashauri kuisogeza nozeli kwanza, na kuzungumza na muuza pampu baadaye.

Mahali penyewe

Kwa tangi ambalo kina chake hakipishani sana na kipenyo, mahali panapofaa kwa kawaida ni karibu na sakafu, ubavuni, nozeli ikitazama juu kuelekea ukingo wa upande wa pili pale uso wa kimiminika unapokutana na ukuta. Huo ndio mshazari, njia ndefu kuliko zote ndani ya tangi. Katika mfano wetu, pembe yake ni karibu nyuzi 39 kutoka sakafuni.

Pembe ikiwa ndogo mno mkondo hung’ang’ania sakafu. Unateleza juu yake, unapoteza nguvu kwa msuguano, na upande mmoja wote haukokoti chochote. Pembe ikiwa kubwa mno mkondo unatoboa uso wa kimiminika na kuvuta hewa. Maji ya miwa yatatoa povu hadi lifurike. Kwenye petroli na spiriti hatari ni kubwa kuliko povu, kwa sababu kurushwa kwa kimiminika cha aina hiyo hewani kunazalisha umemetuli, na cheche moja inatosha. Humo mkondo lazima ubaki umezama wakati wote, hata tangi linapokaribia kuisha. Maana yake ni kwamba pembe iliyopangwa tangi likiwa limejaa si lazima ifae likiwa nusu, na mtu wa zamu anapaswa kujua kina ambacho chini yake pampu haitakiwi kuwashwa.

Kosa jingine ni kuilaza nozeli ikafuata mzingo wa ukuta. Ukichungulia juu utaona kimiminika kizima kinazunguka, na kwa macho kazi inaonekana nzuri sana. Kumbe kinazunguka kwa pamoja, tabaka la juu likiwa juu na la chini likiwa chini. Mzunguko wa namna hiyo hauvuki tabaka, na mchanganyiko ni kuvuka tabaka.

Halafu kuna mdomo wa kuvuta. Bomba la kwenda pampuni likiwa mbele au jirani mno na nozeli, pampu itakuwa inanywa ilichokitema dakika ileile. Litolewe mahali ambapo mkondo unafika mwisho ukiwa umechoka, na kama kuna kona inayojulikana kwa kulaza mashapo au uzito, likae huko. Kuhusu kitu kinachoongezwa, njia nzuri kuliko kumwaga kutoka juu ni kukiingiza kwenye bomba la kuvuta, kipite pampuni na kutoka nozelini kikiwa tayari kimeanza kuchanganyika. Maji ya chokaa yakimwagwa pembeni mwa tangi la maji ya miwa yataacha sehemu moja ina chokaa kupita kiasi na nyingine bado chachu. Sukari inaharibika pande zote mbili, na kipimo cha maabara kitategemea ndoo ilichovywa wapi.

Tangi refu na jembamba, au pana lenye kina kifupi, halitoshelezwi na nozeli moja. Refu huongezewa nozeli nyingine katikati ya kimo. Pana huongezewa nozeli sakafuni zinazotazama pande tofauti, na zisitazamane uso kwa uso kwa karibu hadi mikondo ikauana.

Kama kazi ni kuinua mashapo yaliyolala, ushauri wa pembe uliotolewa hapo juu unageuka. Nozeli hulazwa karibu na sakafu makusudi ili ifagie. Mfano unaojulikana sana uko Hanford, katika jimbo la Washington nchini Marekani, penye matangi 177 ya taka za nyuklia. Tangi moja lilikuwa likikusanya gesi ya hidrojeni chini ya tabaka zito la mashapo, kisha kuitoa kwa mkupuo. Julai 1993 iliwekwa humo pampu ya kukorogea yenye nozeli karibu na sakafu, ambazo zingeweza kugeuzwa uelekeo. Gesi ikaanza kutoka kidogokidogo badala ya kutoka kwa mkupuo.

Vizito na vyepesi

Vimiminika viwili vikiwa na uzito tofauti, mkondo dhaifu unaopigwa kutoka chini utainua kile kizito hadi kwenye mpaka, kisha kitaanguka tena kama maji ya chemchemi. Utakoroga nusu ya chini usiku kucha, na nusu ya juu haitajua kama kulikuwa na pampu. Mkondo lazima uwe na nguvu ya kuuvunja mpaka. Pia inasaidia kuvuta kutoka tabaka moja na kurusha kwenye lingine. Kitu chepesi kikiongezwa juu ya kizito, nozeli ya chini inayotazama juu ina kazi ya kufanya. Kitu kizito kikiongezwa kwenye chepesi, kiingizwe kwa juu, kwa maana uzito wake wenyewe utasaidia kukishusha.

Molasi

Hapa tuseme wazi: kanuni za mkondo zilizotajwa zinahusu vimiminika vinavyotiririka kama maji. Molasi ina uzito wa karibu kilo 1.4 kwa lita na mnato wake unaweza kuzidi ule wa maji mara maelfu. Nozeli inayofanya kazi vizuri kwenye maji ya miwa, ukiifunga kwenye tangi la molasi itatoa utepe mzito unaojikunja na kulala, usiokokota jirani yake. Mtu asidanganywe na kasi iliyoandikwa kwenye karatasi ya pampu.

Kwa nini basi molasi huzungushwa kwa pampu? Kwa ajili ya joto. Molasi inayokaa katika joto huanza kuvunjika yenyewe taratibu. Kuvunjika huko kunatoa joto jingine, na joto hilo linaharakisha kuvunjika, pamoja na gesi na povu. Ushauri wa kawaida ni kuihifadhi isizidi nyuzi 40 hivi za Selisiasi. Katikati ya tangi kubwa joto halitoki kirahisi, kwa hiyo geji moja iliyofungwa ukutani haisemi habari za katikati. Kuzungusha huvuta molasi kutoka mahali pamoja na kuirudisha mbali, ili pasiwe na moyo wa tangi unaochemka peke yake. Mdomo wa kuvuta na wa kurudishia viwe pande zilizo kinyume, na kimo tofauti. Vikikaa pamoja, unazungusha safu moja na kuacha nyingine iendelee kupata moto.

Tatizo la pili ni maji. Mvua ya masika ikipenya paani, au mtu akiosha bomba na kuacha maji yaingie, maji hayo hayazami. Yanakaa juu ya molasi kama ngozi nyembamba, yanaipunguza makali pale yanapogusana, na hapo hamira za asili zinapata chakula. Molasi nzito haichachi kirahisi, iliyochanganyika na maji inachacha. Kuchacha kunatoa pombe na kaboni dioksaidi. Dawa ya kwanza ni kuziba paa. Kukoroga kunafuata, kwa kuchukua kutoka juu na kupeleka chini, si kinyume chake.

Kaboni dioksaidi haina rangi, ni nzito kuliko hewa, na inakaa ndani ya tangi hata baada ya molasi kutolewa. Mtu huingia kusafisha nozeli, anaanguka, mwenzake anaruka kumwokoa, naye anaanguka. Sehemu kubwa ya vifo vya matangini duniani ni vya waokoaji. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, inamtaka mwajiri alinde usalama wa wafanyakazi wake, na katika tangi hilo maana yake ni kibali cha maandishi, kupima hewa kabla ya mlango kupitwa, feni ya kusukuma hewa, mkanda na kamba, na mtu anayebaki nje ambaye kazi yake pekee ni kuangalia. Kibarua wa siku moja ana haki ileile. Akiambiwa aingie bila hayo, akatae.

Majirani wa matangi huuliza kuhusu Boston. Tarehe 15 Januari 1919 tangi la molasi lilipasuka katika mji huo wa Marekani, lita zaidi ya milioni 8 zikafurika mitaani, watu 21 wakafa na wengine wapatao 150 wakaumia. Siku chache kabla yake molasi ya moto ilikuwa imepampiwa juu ya baridi iliyokuwamo. Hata hivyo tusiisingizie nozeli kesi isiyo yake: kuta za tangi lile zilikuwa nyembamba mno kwa mzigo uliokuwamo, na kukoroga kusingeliokoa.

Tangi la maji la kijiji

Kwenye tangi la mradi wa maji ya mserereko hakuna pampu ya kukorogea, lakini nozeli ipo bila kuitwa nozeli. Ni bomba la kuingizia maji. Na hapa Turiani pana jambo la kipekee la kuangalia. Maji yanashuka kutoka Nguru yakiwa ya baridi, na tangi linakaa juani. Maji ya nyuzi 20 yana uzito wa kilo 998.2 kwa meta ya ujazo, ya nyuzi 28 yana kilo 996.2. Tofauti ya kilo mbili inaonekana ya kupuuzwa. Yakiingia polepole, maji ya baridi yanazama moja kwa moja, yanatambaa sakafuni hadi kwenye bomba la kutokea, na yanaondoka. Maji ya juu yanabaki palepale yakizeeka, klorini ikiisha kidogokidogo, hadi siku watu watakapochota kwa wingi na kina kikashuka. Ndipo harufu inapotokea, na lawama zinaangukia dawa.

Kwenye mabomba mengi mafundi huweka kiwiko kinachotazama chini ili maji yasipige kelele. Ni utulivu wa bei mbaya. Geuza mdomo utazame juu kwa mshazari, mbali na bomba la kutokea, na uubane. Bomba la inchi 4 linaloleta lita 5 kwa sekunde linatoa maji kwa sentimeta 64 kwa sekunde. Mdomo wake ukipunguzwa hadi inchi 2, kasi inapanda hadi kama meta 2.5 kwa sekunde, na msukumo unaokoroga unaongezeka mara nne. Gharama yake ni kama sentimeta 33 za kimo cha maji, na miradi mingi ya mserereko inaweza kuzilipa. Usioweza, kwa sababu chanzo kiko juu kidogo tu ya tangi, usibane. Mtaalamu wa RUWASA wilayani, wakala wa maji vijijini ulioanzishwa mwaka 2019, ndiye wa kuhakikisha hesabu hiyo kabla mtu hajakata bomba.

Jinsi tangi linavyojazwa nako kuna uzito wake. Mkondo unakoroga tu wakati maji yanaingia. Kujaza kidogokidogo mara kumi kwa siku, kila mara dakika chache, hakutoi muda wa mchanganyiko kukamilika. Ni bora kina kiachwe kishuke, kisha tangi lijazwe kwa mfululizo mrefu.

Kupima

Usiulize kama pampu inaunguruma. Chukua sampuli tatu kwa wakati mmoja, karibu na uso, katikati na karibu na sakafu, upande ulio mbali na nozeli, kwa chupa yenye kizibo kinachovutwa kwa kamba ikishafika kina chake. Kwa maji ya miwa na sirapu linganisha briksi (kipimo cha sukari iliyoyeyuka) na pH. Kwa molasi linganisha joto. Kwa maji ya kunywa pima klorini iliyobaki: bombani isipungue miligramu 0.2 kwa lita. Namba tatu zikikaribiana, zima pampu na uandike muda uliotumika. Zikitofautiana baada ya muda mara mbili ya uliotarajiwa, kuendelea kuunguruma hakutabadilisha kitu. Subiri kiwanda kisimame kwa masika, au tangi la kijiji lioshwe, kisha uigeuze nozeli na kupima upya. Pembe mpya iandikwe kwa rangi kwenye ukuta wa nje wa tangi, pamoja na tarehe, kwa sababu fundi atakayefuata hataweza kuiona.